Boti Iliyojengwa Wakati wa Mvua

Machi 11, Kitale

Leo mwalimu mkuu kutoka upande wa Bokoli ameingia karakana yangu akitafuta fundi wa boti. Nilidhani amepotea. Hapa barabara ya kwenda Endebess watu hunijia kwa vitanda, milango na viti vya kanisa, na siku hizi zile meza za kung'aa ambazo hoteli zinapenda, mbao mbili za mvule na epoksi, gundi angavu inayoganda, katikati kama maji yaliyosimama. Meza hiyo ndiyo iliyomleta. Aliikuta kwenye hoteli moja mjini, akaimwagia chai kwa bahati mbaya, akaifuta na kuona haikubaki hata doa. Anaitwa Phelista Nakhungu.

Alinieleza shida yake akiwa amesimama. Daraja la miguu lilibebwa na mto Nzoia mwaka jana. Boti ya mbao iliyokuwa ikivusha watoto nayo ilivunjika Novemba. Sasa wanafunzi wanaokaa ng'ambo huzungukia daraja kubwa la barabarani, wanafika darasani wamechoka hata kalamu hawataki kushika. Wasichana wawili wa gredi ya sita wameacha shule kabisa. Anataka boti ambayo haitaoza.

"Kama maji hayaingii kwa meza," akasema, "si hata kwa boti hayawezi kuingia?"

Nikamwambia sijawahi kujenga boti. Nikamwambia pia kwamba nitaijenga.

Jairus alikuwa akipiga randa wakati huo wote. Ni mwenzangu wa kazi, mtu wa Kabuchai, na tumeshirikiana tangu karakana hii ikiwa mabati manne na benchi. Mwalimu alipoondoka, aliweka randa chini. "Mama Nduta, sisi ni watu wa vitanda," akasema. Halafu akaanza kuuliza boti yenyewe itakuwa na urefu gani.

Machi 17

Nimerudi kutoka Kisumu. Nilikaa na mafundi wa boti ufuoni, wakanionyesha boti zinazokufa na mahali kifo kinapoanzia. Si katikati ya ubao. Huanzia ubao ulipokatwa, maana pale nyuzi ziko wazi na hunyonya maji kama mrija. Huanzia kwenye matundu ya skrubu, na chini ya viti, mahali maji ya mvua hukaa bila njia ya kutoka. Ukibonyeza unakuta mbao imekuwa kama keki.

Epoksi huzuia hayo, kwa sharti moja. Lazima mbao iwe kavu, na lazima kila upande upakwe kabla ya kuunganishwa, hata ule ambao hakuna jicho litakalouona tena. Ukifunga unyevu ndani umeipa mbao jeneza.

Machi 24

Plaiwudi imefika kutoka Eldoret. Mvule tumechagua. Tumechora boti pana yenye tumbo bapa, ya kutulia mtoni hata watoto wakisukumana.

Aprili 2

Mvua imeanza.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 5

Majaribio ya kwanza yameniaibisha. Tulichanganya resini na ile dawa ya kuigandisha kwa kipimo kilekile cha meza, tukapaka vipande vya mvule, tukaviacha. Leo asubuhi bado vinanata, na juu yake kuna utando wa mafuta kama supu iliyopoa. Meza zote nilizotengeneza nilizitengeneza Januari na Februari, kwenye jua. Sikuwa nimewahi kuuliza epoksi inaionaje baridi ya Kitale.

Aprili 8

Tumejua. Utando ule unaoshwa kwa maji safi na kitambaa kigumu, kisha msasa, kisha ndipo mkono wa pili wa epoksi. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unausugua tu uingie ndani. Resini yenyewe tunaipasha moto kwa kuweka mtungi ndani ya beseni la maji ya moto, inakuwa nyepesi na inaingia kwenye mbao vizuri.

Kubwa zaidi ni hili. Ukipaka asubuhi, joto la mchana hufukuza hewa iliyo ndani ya mbao, nayo hutoka na kuacha vijitundu kwenye epoksi. Inafaa kupaka mbao ikiwa inapoa, maana wakati huo inavuta hewa ndani na kuvuta epoksi pamoja nayo. Lakini hapa mbao ikianza kupoa, alasiri, ndipo mvua inapoingia na hewa yote kulowa. Kwa hiyo tunawasha majiko ya makaa ndani ya karakana, madirisha wazi tusife kwa hewa mbaya, mbao zinapata moto, kisha tunatoa majiko nje, tunafunga, tunapaka. Jairus amejaribu kipande kimoja hivyo. Tumekipasua kwa patasi: epoksi imeingia ndani ya nyuzi kabisa. Tulikipitisha mkono kwa mkono kama watu waliopata mtoto.

Aprili 11

Jirani yangu wa nafaka amenicheka. Kila siku napeleka kipande kilekile cha mvule kwenye mizani yake. Siku kikiacha kupungua uzito, nitajua mbao zangu zote zimekauka. Yeye hupima mahindi, mimi napima mbao, na sote tunaogopa unyevu.

Aprili 15

Leo amekuja mzee anayeitwa Wangila. Ndiye mvushaji wa mtoni, ndiye atakayeendesha boti hii, na ndiye aliyekuwa na ile iliyovunjika. Mwalimu alikuwa amenionya kwamba si mtu wa maneno mengi. Hakunionya kuhusu msumari.

Alisalimia, akazunguka benchi, akatoa msumari mrefu mfukoni na kuanza kudunga kazi yetu. Mataruma, yaani mbavu za boti, tuliyokuwa tumepaka mikono miwili, tumeosha, tumepiga msasa hadi yakawa laini kama kikombe, akayadunga moja baada ya jingine. Kila mahali alipogusa alibakisha alama nyeupe. Nikamwomba aache. Akadunga tena. Nikamuuliza kama huwa anaingia nyumbani kwa watu na kutoboa viti vyao.

"Rangi nzuri nimeshaonyeshwa," akasema.

Nikamwambia hiyo si rangi. Akarudisha msumari mfukoni, akasema ataona mtoni, akaenda stendi. Hata chai ya Jairus hakunywa. Nimekasirika hadi sasa. Nimepaka upya kila alama.

Aprili 19, Bokoli

Nilishuka kupima mahali boti itakapofungwa. Mto umejaa na una rangi ya kakao. Mwalimu Phelista alikuwa kwenye mkutano, kwa hiyo aliyenipokea ni mke wa mzee Wangila, Roselyne, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alinipa ndizi za kuchemsha na maziwa. Nikala nikiwa bado nimemkasirikia mume wake.

Shamba la Roselyne, alilorithi kwa mama yake, liko ng'ambo. Ukisimama mlangoni pake unaliona, migomba na kibanda. Nikauliza kama huwa anavuka. Akasema hapana, yeye huzungukia daraja la barabarani, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na wiki nyingi haendi.

Halafu akanisimulia. Mwaka jana mzee aliona boti yake imechoka, akamwita fundi aitengeneze. Fundi akaijaza lami, akaipaka rangi ya buluu nzuri sana, watu wakapiga picha. Chini ya buluu ile ubao wa nyuma ulikuwa umeoza wote. Ulichomoka katikati ya mto siku ya soko. Mzee aliwashikisha watu kamba wakafika ukingoni wote, ila Roselyne alikuwa amekaa nyuma kabisa na maji yalimchukua. Walimtoa kwenye matete huko chini.

"Alidhani nimekufa," akasema. "Tangu siku hiyo anatembea na huo msumari. Hata meza yangu ya jikoni ameidunga."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeeleza tabia ya ng'ombe wake. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza maziwa.

Aprili 25, Kitale

Nitaandika yote ya leo, kwa sababu sitaki kuyasahau.

Boti ilikuwa karibu kuisha. Tumbo limefungwa, mbavu zimefungwa, ubao wa nyuma umekaa mahali pake kwa epoksi nzito na skrubu. Muhula wa pili unaanza Jumatatu. Nilikuwa nimemwahidi Mwalimu kwamba Jumapili boti itakuwa juu ya lori, na yeye alikuwa ameshawatumia wazazi ujumbe.

Asubuhi nilipofungua mlango, mwanga uliingia na kuangukia ubao wa nyuma, nikaona wingu. Chini kwenye pembe ya kushoto, ndani ya epoksi, palikuwa na weupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Ukubwa wa kiganja. Niliguna, nikachukua kitambaa, nikasugua. Halikutoka. Lilikuwa ndani.

Jairus alikuja, akainama, akatazama juu kwenye mabati. Pana mahali panapovuja. Ubao ule ulikuwa umeegemezwa hapo wiki iliyopita. Nakumbuka vizuri siku tuliyoupaka. Mimi ndiye niliyeupapasa kwa kiganja nikasema umekauka. Juu ulikuwa umekauka. Sikuupeleka kwenye mizani kwa sababu ulikuwa mzito na nilikuwa na haraka.

Tulikaa kwenye benchi. Jairus alianza kusema polepole, na kila alichosema kilikuwa kweli. Alisema ni unyevu kidogo. Alisema rangi itafunika. Alisema boti itaishi miaka mitatu, minne, kabla pembe ile haijaanza kulegea, na watoto wanangoja Jumatatu, na mtu anayetembea kwenye mvua hahitaji boti ya miaka ishirini, anahitaji boti kesho. Nilimsikiliza hadi mwisho. Ni mtu mzuri na hakuwa akijaribu kunidanganya.

Lakini nilikuwa nikiona buluu. Sikuwahi kuiona boti ile, lakini niliiona, na watu wakipiga picha.

Nikasimama nikachukua msumeno.

"Mama Nduta," Jairus akasema, "ukikata hapo hakuna kurudi."

"Najua."

Epoksi haikubali kubanduliwa. Ikishashika imeshika, na huo ndio uzuri wake. Kwa hiyo ilibidi kuukata ubao wote, kisha kula mabaki kwa patasi na randa, kidogo kidogo, hadi kufikia plaiwudi nzima. Kazi ya wiki nzima ilianguka sakafuni vipande vipande. Jairus alisimama mlangoni kwa muda, mikono kiunoni. Halafu akaja akashika upande wa pili wa msumeno, tukavuta pamoja mpaka ubao ukatoka.

Tuliupasua pembeni. Ndani mvule ulikuwa mweusi wa maji na ulinuka kama udongo. Jairus aliuweka puani, akaunusa kwa muda mrefu, akanipa.

"Ulikuwa sawa," akasema.

Halafu nikampigia Mwalimu Phelista. Nimeshawahi kuzungumza na wateja waliokasirika. Huyu hakupandisha sauti. Aliuliza ni lini basi, nikasema sijui, mvua ndiyo itakayosema. Akaniambia kwamba nimemfanya mwongo mbele ya wazazi wa wanafunzi, akakata simu.

Mikono yangu imechubuka na nina vumbi la epoksi hadi kwenye nyusi. Nimekaa hapa natafuta majuto moyoni na siyapati. Nimetengeneza vitu vingi maishani ambavyo watu walivisifu. Leo nimeharibu kimoja, na sijawahi kujiheshimu hivi.

Aprili 28

Shule zimefunguliwa. Mvua tangu alfajiri.

Aprili 30

Mvua. Mizani: kipande cha ubao mpya bado kinapungua.

Mei 5

Kimeacha kupungua. Kesho tunapaka.

Mei 10

Ubao mpya wa nyuma umekaa. Epoksi ni angavu, unaona kila mstari wa mvule chini yake kama uko nyuma ya kioo.

Mzee Wangila alikuja tena, bila kuitwa. Nadhani Mwalimu alimwambia. Nilimkuta ameketi kando ya ule ubao wa zamani nje ya karakana, vipande tulivyotupa, akivigeuza mkononi. Alikuwa ameona weusi wa ndani.

Nikampa msumari mimi mwenyewe. Nilimwambia adunge anapotaka.

Akadunga pembe zote. Kisha akaniuliza maji ya mvua yakiingia kwenye boti yatakusanyika wapi. Nikamwonyesha. Akasema hapana, kila taruma litazuia maji kama tuta la shamba, nayo yatakaa hapo. Akaomba tukate vijitundu chini ya kila taruma ili maji yatiririke hadi sehemu moja ya kuyachota. Sikuwa nimefikiria hilo. Mafundi wa Kisumu hawakuniambia, au waliniambia sikusikia. Tukavikata siku hiyohiyo, na kila kijitundu nikakipaka epoksi ndani mara tatu, kwa brashi ya kupakia kucha ya binti yangu Nduta. Mzee alinishikia taa.

Kwa skrubu tulifanya vivyo hivyo. Tundu linatobolewa pana, linajazwa epoksi, likishakauka linatobolewa upya jembamba. Kwa hiyo skrubu inauma epoksi tu, haigusi mbao. Mzee alirudia maneno hayo mwenyewe, haigusi mbao, na safari hii alikunywa chai, vikombe viwili.

Mei 17

Rangi. Jua huiua epoksi isipofunikwa. Jairus aliuliza ya namna gani. Mzee Wangila alikuwa amesema yoyote isipokuwa buluu, kwa hiyo ni kijani cha mahindi machanga.

Mei 21, Bokoli

Imeelea.

Wazazi waliibeba kutoka kwenye lori wakiimba nyimbo za kanisa, na mchungaji akaomba kwa ufupi kwa sababu wingu lilikuwa karibu. Mzee aliingia peke yake kwanza. Alivuka akarudi. Kisha akapiga magoti, akapitisha kiganja sakafuni mwote, akakiinua tuone: kikavu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Phelista alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikukasirikia vibaya sana," akasema. "Leo niko na furaha nilikasirika bure."

Wasichana wawili walivuka kwenye safari ya kwanza, sare zao zimepigwa pasi. Sikuuliza ni akina nani. Mwalimu alinigusa kiwiko na kuwaonyesha kwa kidevu.

Roselyne alitazama kutoka mlangoni pake. Hakushuka.

Juni 6, Kitale

Vitanda. Nashukuru kwa vitanda.

Juni 19

Mzee alipiga simu kusema hakuna jipya. Alipiga kusema hivyo tu.

Julai 9

Mzee amepiga simu tena. Gogo lililobebwa na mafuriko limeigonga boti ubavuni ikiwa imejaa watu. Hakuna aliyeumia. Haikuvuja. Lakini rangi na epoksi vimechubuka hadi mbao ikaonekana, urefu wa mkono. Ameitoa majini na kuipindua, na amekataa kuvusha mtu yeyote. Watu wanamlaumu. Wanasema boti haivuji, kwa nini anawanyima. Aliniambia hayo kwa sauti ya taratibu.

Aprili ningesema ni mzee mkaidi. Leo niliweka simu chini nikamwambia Jairus kwamba hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningemkabidhi kazi yangu.

Julai 12, Bokoli

Tulijenga kibanda cha nailoni juu ya boti, tukaweka majiko, tukakausha. Siku tatu nalala kwa Roselyne na mzee. Tulichimba jeraha kwa patasi hadi kwenye mbao safi. Nilitaka kuona maji yamekimbilia wapi ndani. Hayakuwa yamekimbia popote. Upana wa kidole kutoka kwenye jeraha, vumbi la plaiwudi lilikuwa kavu hadi nikalipuliza likaruka.

Roselyne alikuwa amesimama nyuma yangu. Kumbe alikuwa ameshuka hadi ukingoni, mara yake ya kwanza tangu maji yamchukue. Akanyoosha kidole, akachovya kwenye lile vumbi, akalisugua kati ya vidole viwili, akalinusa. Akaomba patasi. Nikampa. Alikwangua mwenyewe kidogo, mahali ambapo tungejaza hata hivyo, na likatoka vumbi jingine kavu.

Mzee alijifanya anachochea jiko.

Julai 14

Imejazwa, imeoshwa, imepigwa msasa, imepakwa. Huwezi kuona mahali jeraha lilipokuwa. Mzee ameomba nisiifunike kwa rangi sehemu ndogo, ukubwa wa sahani, aweze kuona ndani. Nikamwambia jua litaiharibu. Akafikiria, akasema basi ifunike, ameniamini.

Julai 26, Bokoli

Nimekuja kuikagua boti, ndivyo nilivyomwambia Jairus. Ukweli nilikuwa nimeikumbuka.

Ilikuwa Jumamosi, shule hakuna, mto umetulia. Mzee alikuwa ameshika kasia akingoja abiria. Roselyne alishuka njiani na kikapu na panga, amevaa gumbuti, akiwa amejifunga leso kiunoni kama mtu anayeenda kazini. Alipita mbele yangu akanisalimia. Mzee alisogea kumpa nafasi mbele, karibu naye. Hakuichukua. Alitembea ndani ya boti, akishika kingo za viti, hadi mwisho, akakaa na mgongo wake umeegemea ubao wa nyuma.

Mzee hakuanza kupiga kasia. Alimtazama mke wake.

"Twende, baba," Roselyne akasema. "Magugu hayaningoji."

Nilibaki ukingoni nikawatazama hadi wakafika ng'ambo, na hadi nilipomwona akiwa kwenye migomba yake, ameinama, panga likipanda na kushuka.